Ukoo wa Walcker wa Ludwigsburg: vizazi vya mafundi wa vinanda vya mabomba, na uvumbuzi uliowainua ukaja kuwahukumu

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Vinanda vya mabomba wengi tunavijua kwa sura tu: ukuta wa mabomba yanayong'aa juu ya mlango wa kanisa, na mtu mmoja kakaa chini yake anapiga kwa mikono na miguu. Wanaovijenga hatuwajui. Nimefuatilia kwa muda mrefu historia ya ukoo mmoja wa mafundi hao, Walcker wa Ujerumani, na sijaona mtu aliyekaa akaisimulia kwa Kiswahili kwa kirefu. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Maswali yaje humu humu, nitajibu.

Mwanzo wao ni Cannstatt, jirani na Stuttgart, kusini magharibi mwa Ujerumani. Mwaka 1780 fundi Johann Eberhard Walcker alifungua karakana yake hapo. Ukoo ungeishia kwake, leo jina hilo lingejulikana kwa watu wachache wa eneo lile tu.

Mambo yaligeuka kwa mwanawe, Eberhard Friedrich, aliyezaliwa 1794. Kazi alijifunza kwa baba, kisha mwaka 1820 akaanzisha karakana yake mwenyewe Ludwigsburg, kaskazini kidogo mwa Stuttgart. Kijana huyu alikuwa amevutiwa na mawazo ya Abbé Vogler, padri na mwanamuziki aliyezunguka Ulaya akiwaambia watu kwamba namna ya zamani ya kujenga vinanda haikuwa amri ya Mungu, kwamba kinanda kinaweza kupanda na kushuka sauti kama orkestra. Mafundi wengi walimpuuza Vogler. Walcker alimsikiliza, akachukua yanayojengeka na kuyaacha yasiyojengeka.

Mwaka 1833 akakabidhi kinanda cha Paulskirche, mjini Frankfurt. Rejista 74, kibodi tatu za mikono, na chini kibodi mbili za miguu. Kwa asiyezoea: rejista ni safu ya mabomba yenye sauti ya aina moja, walau bomba moja kwa kila noti, na mpigaji huiwasha au kuizima kwa kuvuta kitasa. Kwa hiyo rejista 74 maana yake ni mabomba maelfu. Bomba refu la rejista ya kawaida ni futi 8, kama mita 2.4. Pale Frankfurt aliweka sauti za futi 32, ambazo bomba lake kubwa linakaribia mita 10, na mlio wake unausikia mwilini kabla hujaujua kwa sikio. Alikuwa hajatimiza miaka 40.

Kanisa hilo hilo ndilo lililokaliwa na Bunge la kwanza la Ujerumani nzima mwaka 1848. Kinanda kilikuwepo juu kule, ila wabunge hawakukiona, maana mbele yake palitundikwa mchoro mkubwa wa Germania, yaani Ujerumani ikichorwa kama mwanamke, kazi ya Philipp Veit. Watu wanaoangalia picha za kikao kile wanamwona yule mwanamke mwenye bendera na upanga. Nyuma yake kuna Walcker.

Baada ya Frankfurt oda zikaanza kutoka mbali: St Petersburg kwa Walutheri, kisha Tallinn. Mwaka 1856 akamaliza kinanda cha kanisa kuu la Ulm, rejista 100. Fundi aliyeanza na karakana ndogo sasa alikuwa na kiwanda.

Na hapa ndipo ulipo moyo wa kisa chote, kwa hiyo naomba niende taratibu.

Ndani ya kinanda, mabomba husimama juu ya sanduku la upepo. Mivukuto hujaza upepo, sanduku huugawa. Swali la fundi ni moja: mpigaji akibonyeza noti moja na amewasha rejista kumi, upepo unafikaje kwenye mabomba kumi hayo tu na si mengine? Njia ya zamani, iliyotumika karne kwa karne, ilikuwa hivi. Chini ya mabomba yote ya noti moja kuna mfereji mmoja. Kubonyeza kibodi kunafungua vali moja na upepo unajaa kwenye mfereji ule. Juu ya mfereji, kila rejista ina ubao mrefu mwembamba wenye matundu. Ukivuta kitasa ubao unateleza, matundu yake yanakaa sawa na miguu ya mabomba, upepo unapita. Ukirudisha, matundu yanazibwa.

Ni njia nzuri na rahisi. Lakini rejista zikiwa nyingi, vali ile moja lazima iwe kubwa ili ilishe mabomba yote, na vali kubwa inazuiwa na upepo, hivyo kibodi inakuwa nzito mno kwenye vidole. Mabomba makubwa nayo yanawanyima upepo madogo. Zaidi ya hapo, ule ubao unaoteleza ni mti: hewa ikiwa na unyevu unavimba na kukwama, ikikauka unapinda na kuvujisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1840 Walcker akaacha njia hiyo. Aligeuza mpangilio wa mifereji. Badala ya mfereji mmoja kwa kila noti, aliweka mfereji mmoja kwa kila rejista, na chini ya kila bomba akaweka vali yake peke yake, kidude chenye umbo la pia kilichokaa kwenye tundu lake kwa uzito wake. Kitasa cha rejista kinaingiza upepo kwenye mfereji wa rejista. Kibodi inainua pia za noti ile, zote kwa pamoja, kwenye kila rejista, lakini penye upepo ndipo panapolia. Hakuna ubao wa kuteleza. Hakuna cha kukwama. Kila bomba lina mlango wake na halinyang'anyani upepo na jirani.

Wazo lenyewe lilishajaribiwa Ujerumani karne ya 18. Sifa ya Walcker ni kwamba alilifanya lifanye kazi kwenye vinanda vikubwa, mwaka hadi mwaka, kwa namna ambayo kiwanda kingeweza kulirudia. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mafundi wengi wa Ujerumani walikuwa wamelifuata.

Naendelea post inayofuata.

Mleta uzi

Tuje Boston, maana hicho ndicho kinanda chake kilichosafiri kuliko vyote.

Mwaka 1857 wakuu wa Boston Music Hall, wakiongozwa na daktari Jabez Baxter Upham, walimpa Walcker oda ya kinanda cha rejista 89. Hili lilikuwa jambo geni: ukumbi wa muziki nchini Marekani, siyo kanisa, unaagiza kinanda Ujerumani. Kazi ikachukua miaka. Katikati Marekani ikaingia vitani yenyewe kwa yenyewe. Masanduku yakapakiwa Rotterdam na kuvuka Atlantiki wakati vita inaendelea, yakafika salama. Kinanda kilizinduliwa tarehe 2 Novemba 1863, kikiwa ndani ya kasha la mbao lililochongwa New York na karakana ya ndugu wawili Herter, kazi ambayo hadi leo inatazamwa kama kitu cha kuendea safari hata kama husikii muziki.

Miaka 21 baadaye kikang'olewa. Orkestra ya Boston ilikuwa imeanzishwa, ikataka nafasi ya jukwaa. Mwaka 1884 kikauzwa dola 5,000 na kuwekwa kwenye banda. Kikakaa humo zaidi ya miaka 10. Mwaka 1897 kikapigwa mnada, na tajiri mmoja, Edward Francis Searles, akakinunua kwa dola 1,500. Hakuwa na mahali pa kukiweka, basi akajenga ukumbi mzima kwa ajili yake mjini Methuen, jimbo la Massachusetts, ukafunguliwa 1909. Bado kipo. Mwaka 1947 kilifanyiwa ukarabati mkubwa na kampuni ya Aeolian-Skinner uliobadilisha sauti yake kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo unaposikia Methuen leo unasikia mikono zaidi ya mmoja. Lakini kasha ni lile lile.

Eberhard Friedrich alifariki 1872. Wanawe watano walikuwa tayari ndani ya kazi: Heinrich, Friedrich, Karl, Paul na Eberhard. Wengi hudhani mwanzilishi akiondoka kampuni hulegea. Hawa walipanda zaidi. Mwaka 1878 walimaliza kinanda cha kanisa la Votivkirche, Vienna. Mwaka 1884 wakamaliza kanisa kuu la Riga, ambayo leo ni mji mkuu wa Latvia: rejista 124, mabomba 6,718, kibodi nne za mikono. Wakati ule hapakuwa na kinanda kikubwa kuliko hicho duniani. Franz Liszt alitunga kipande maalum kwa uzinduzi wake, juu ya wimbo wa Kilutheri wa kumshukuru Mungu. Mwaka 1886 wakaweka kingine cha rejista 90 kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Stefano, Vienna.

Kitu kingine ambacho mimi nakipa uzito kuliko ukubwa wa vinanda: ile karakana ya Ludwigsburg ilikuwa chuo. Wilhelm Sauer alipita pale, akaja kujenga kinanda cha kanisa kuu la Berlin. Ndugu wawili Link walipita pale kabla ya kufungua karakana yao Giengen. Steinmeyer alipita pale. Kuhn, ambaye jina lake lilikuja kuwa kubwa Uswisi, naye pia. Weigle alikuwa mpwa wa mzee. Ukichora mti wa mafundi wa Ujerumani ya kusini karne ya 19, matawi mengi yanarudi kwenye shina hilo moja.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, heshima kwako. Hayo mabomba yenyewe walikuwa wanayatengenezaje? Ni chuma? Na sauti inatoka wapi hasa?

Mleta uzi

Swali zuri mkuu. Chuma kwa kawaida hapana. Mabomba ya mbao yapo, hasa ya sauti nzito, na mengi ya wazi mnayoyaona mbele ni mchanganyiko wa bati na risasi. Bati likizidi, bomba linang'aa na sauti inakuwa angavu. Risasi ikizidi, sauti inakuwa laini na bomba lenyewe linakuwa laini pia, linaweza kulegea kwa uzito wake baada ya miaka mingi.

Metali inayeyushwa kwenye chungu, kisha inamiminwa kwenye kijisanduku cha mbao kisicho na kitako, kilichokaa juu ya meza ndefu iliyotandikwa kitambaa. Mafundi wawili wanakivuta kijisanduku kutoka mwanzo wa meza hadi mwisho kwa mwendo mmoja usiotetereka, na nyuma yake inabaki shuka ya metali. Kwenda polepole au kusita njiani kunaharibu unene. Ikipoa, bati na risasi vikiwa karibu nusu kwa nusu, uso wake unatokeza madoadoa yenyewe, na fundi mzoefu anajua mchanganyiko kwa kuyaangalia tu. Baadaye shuka inapigwa randa hadi unene unaotakiwa, inakatwa, inazungushwa kwenye gogo la duara, inalehemiwa. Kabla ya kulehemu wanapaka kandokando rangi ya chaki na gundi ili lehemu ishike pale tu inapotakiwa.

Hapo bado ni bomba bubu. Sauti inatoka mdomoni, ule mpasuko ulio juu kidogo ya mguu. Upepo unapanda kutoka mguuni, unapita kwenye mwanya mwembamba, unagonga ukingo wa mdomo wa juu, na hewa iliyomo ndani ya bomba inaanza kutetemeka. Fundi wa kutia sauti anakaa na bomba moja moja: anakata mdomo juu kwa kiasi cha unywele, anapanua au kubana tundu la mguu, anachora vijichanjo kwenye ukingo wa kile kibati cha ndani ili sauti ianze bila kukwaruza. Ukikata mdomo juu kupita kiasi hakuna kurudi, bomba limekwisha. Sasa zidisha kazi hiyo kwa mabomba 6,718 ya Riga.

Mchangiaji wa pili

Uzi umetulia. Ila nina hoja. Mimi napenda vinanda vya kale vya kaskazini mwa Ujerumani, vya Schnitger na wenzake, na hiyo njia ya vali za pia mnaisifia bure. Kwenye njia ya zamani mabomba yote ya noti moja yanavuta upepo kutoka mfereji mmoja, kwa hiyo yanaanza pamoja na kushikamana. Ukiyapa kila moja mlango wake, yanalia pamoja lakini hayasikilizani. Pia ile vali moja kubwa mpigaji anaihisi kidoleni, anajua sekunde hasa inapofunguka. Kwenye pia hakuna hisia hiyo.

Mleta uzi

Ndugu yangu, umeleta hoja ile ile iliyoiangusha sifa ya ukoo huu katika karne ya 20, na inastahili jibu la heshima.

Twende kwa mpangilio. Mjukuu wa mzee, Oscar Walcker, aliyezaliwa 1869, ndiye aliyeshika usukani baada ya kizazi cha wale ndugu watano. Alikuta kampuni ikiwa kiwanda kweli kweli, na teknolojia imebadilika: badala ya vijiti na nyaya kuunganisha kibodi na vali, sasa hewa ndani ya vijibomba vyembamba ndiyo inapeleka amri, baadaye umeme. Kibodi ikawa nyepesi hata kwenye kinanda kikubwa kabisa. Ukubwa haukuwa na kizuizi tena. Mwaka 1912 akamaliza kinanda cha St. Michaelis, Hamburg, kanisa lililoungua 1906 na kujengwa upya: rejista 163.

Wakati huo huo sauti za upinzani zilikuwa zimeanza. Albert Schweitzer, ambaye wengi tunamfahamu kama daktari wa Lambaréné kule Gabon, alikuwa mpiga kinanda hodari kutoka Alsace, na mwaka 1906 aliandika akilalamika kwamba vinanda vya kiwandani vimepata nguvu na kupoteza uzuri. Alisema mafundi wanashindana kwa bei na kwa wingi wa vitasa, na muziki wa mtunzi Bach ukipigwa humo unageuka uji. Sikubaliani na kila alichoandika, ila Oscar Walcker alifanya kitu ambacho wenye viwanda ni nadra kukifanya: alimsikiliza. Kinanda chake cha Dortmund cha 1909, kwenye kanisa la Reinoldi, kilijengwa kwa kufuata mawazo ya wale wapinzani kutoka Alsace.

Kisha ikaja 1921. Profesa Willibald Gurlitt wa Chuo Kikuu cha Freiburg alitaka kusikia muziki wa karne ya 17 kwa sauti ya karne ya 17. Akamwomba Oscar ajenge kinanda kwa kufuata orodha ya rejista iliyomo kwenye kitabu cha mwanamuziki Michael Praetorius cha mwaka 1619. Oscar akakubali. Kilikuwa kidogo ukikilinganisha na Hamburg, lakini mpiga kinanda Karl Straube alipokizindua Desemba 1921, waliosikia walitoka wamebadilika. Sauti zilikuwa wazi, kila mstari wa muziki unasikika peke yake. Mwaka 1926 pakafanyika mkutano mkubwa Freiburg, na harakati ya kurudi kwenye vinanda vya kale ikashika Ujerumani nzima.

Na harakati hiyo ilisema nini? Ilisema hasa ulichosema wewe mkuu. Njia ya ubao unaoteleza ndiyo ya kweli, vali za pia ni kosa la karne ya 19, vinanda vikubwa vya zama za Liszt ni mashine za kelele. Mlango huo aliufungua Walcker mwenyewe, kwa mikono yake, na waliopita humo wakaja kuikana kazi ya babu yake.

Sasa jibu langu kwa hoja yako. Kwa Bach na waliomtangulia, nakubali: mfereji mmoja unayashikamanisha mabomba na kidole kinahisi. Lakini muziki wa Liszt, wa Reger, uliandikwa kwa kuwaza vinanda vikubwa vya zama zao. Mpigaji anaanza na rejista moja isiyosikika vizuri, anaongeza moja baada ya nyingine, sauti inajaa bila ngazi kuonekana, na upepo hautetereki hata mabomba ya futi 32 yanapoingia. Ule mlio mpana usio na kingo, unaouona wewe ni udhaifu, ndio waliokuwa wanautafuta. Kuhukumu kinanda cha 1884 kwa kipimo cha Schnitger ni kukionea.

Mchangiaji wa tatu

Nimeelimika sana. Vipi wakati wa Hitler? Kampuni kubwa za Ujerumani karibu zote zina ukurasa mbaya hapo.

Mleta uzi

Walcker nao wana ukurasa wao, na sitauruka. Mwaka 1936 Oscar alijenga kinanda kikubwa sana kwa ajili ya Luitpoldhalle, Nuremberg, ukumbi wa mikutano ya chama cha Nazi. Kibodi tano, rejista 220, kikubwa kuliko chochote alichowahi kujenga. Hakikuwa kwa ibada wala kwa muziki. Kilikuwa cha kuwatetemesha watu kabla ya hotuba. Wapo wanaosema kampuni ilikuwa na wafanyakazi wa kulisha na oda zilikuwa zimekauka baada ya mdororo wa uchumi. Kazi ile hata hivyo ilijulikana ni ya nani na ya nini. Mabomu yaliuharibu ukumbi wakati wa vita na kinanda kikaisha nao.

Vita ilikuwa imewahi kuwagusa hata kabla. Mwaka 1917 serikali ya Ujerumani ilichukua mabomba ya mbele ya vinanda nchi nzima kwa ajili ya bati lake. Nyuso nyingi za vinanda zikabaki na mapengo, baadaye zikazibwa kwa zinki. Vita ya pili haikuchukua mabomba ya mbele tu. Paulskirche iliungua Machi 1944. Kile kinanda cha Praetorius cha Freiburg kiliteketea kwa mabomu Novemba 1944. Cha Mtakatifu Stefano Vienna kiliungua na paa la kanisa Aprili 1945.

Oscar alifariki 1948. Usukani ukaenda kwa mjukuu wake, Werner Walcker-Mayer, kijana wa miaka 25 hivi, ambaye alirithi kiwanda, jina, na nchi iliyojaa makanisa yaliyobomoka. Kazi ilikuwepo tele. Lakini wateja wa miaka ya 1950 na 1960 walikuwa watoto wa ile harakati. Walitaka vinanda vyenye sauti kali na wazi, na ubao unaoteleza. Werner akavijenga. Akajenga hata kinanda cha pili cha Praetorius huko Freiburg, 1955. Mwaka 1969 kampuni yake ikakabidhi kinanda kipya kikubwa cha Ulm, kanisa lile lile ambako mzee aliweka rejista 100 mwaka 1856. Mwaka 1965 alianzisha pia wakfu wa utafiti wa historia ya vinanda, jambo ambalo wachumi wa kampuni wangeliona ni hasara, na mimi naliona ni moja ya mambo bora waliyofanya.

Kwingineko mafundi na makanisa walikuwa wanang'oa au kugeuza vinanda vya karne ya 19 kwa imani safi kabisa kwamba wanasahihisha makosa. Mabomba ya sauti pana yalikatwa mafupi yawe ya juu zaidi. Bomba likishakatwa halirefuki.

Ndiyo maana ukitaka kumsikia Walcker wa kweli leo, mara nyingi unaenda mbali na Ludwigsburg au kwenye kanisa dogo ambalo halikuwa na pesa ya kufuata mtindo. Riga kipo, kwa sababu kilikuwa mbali na ule mjadala. Kilikarabatiwa na Flentrop wa Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati Latvia bado iko chini ya Umoja wa Kisovieti. Votivkirche ya Vienna kipo. Na kijijini Hoffenheim, kusini magharibi mwa Ujerumani, kuna kidogo cha 1846, cha mzee mwenyewe, karibu kama alivyokiacha.

Mchangiaji wa pili

Nimesikiliza Riga jana usiku kwa headphone nzuri. Bado nasimama na Schnitger kwa Bach. Ila kwa Liszt nimekuelewa mkuu. Kampuni yenyewe iliishia wapi?

Mleta uzi

Asante kwa kusikiliza ndugu, ndicho nilichotaka.

Mwaka 1974 Werner aliondoa makao ya kampuni Ludwigsburg, akahamia jimbo la Saarland, mpakani na Ufaransa. Soko lilikuwa linapungua. Makanisa yaliyobomolewa na vita yalishajengwa, waumini wanapungua, na kinanda kikijengwa vizuri hakihitaji kingine kwa miaka 100. Mafundi wadogo wa karakana za watu kumi walikuwa wanapendwa zaidi kuliko jina kubwa la kiwanda. Mwaka 1999 kampuni ikafilisika, na Werner akafariki mwaka uliofuata, 2000. Orodha yao ya kazi, waliyoitunza kwa namba tangu karne ya 19, ilikuwa imepita 5,000. Wapo wa ukoo walioendelea na ufundi kwa karakana ndogo, wengi wao wakishughulika na kurekebisha vinanda vya zamani, vikiwemo vya babu zao.

Kuna kipande kimoja nimekiacha njiani. Kampuni ya Sauer, ya yule mwanafunzi wa zamani, iliingia mikononi mwa ukoo wa Walcker miaka ya 1910. Makao yake yalikuwa Frankfurt an der Oder, siyo ile Frankfurt ya Paulskirche. Baada ya 1945 ikajikuta upande wa mashariki, na mwaka 1972 serikali ya Ujerumani Mashariki ikaitaifisha. Ukuta ulipoanguka ikarudi mikononi mwa watu binafsi, na jina la Sauer linajenga vinanda hadi leo. Kinanda chake cha kanisa kuu la Berlin cha 1905, rejista 113, kilinusurika vita na kimerudishwa kwenye hali yake ya awali. Vali za pia zimo.

Kwa wanaotaka kusikiliza: anzeni na Riga, kipande cha Liszt juu ya jina la BACH, halafu Berlin kwa Reger, halafu Hoffenheim kwa Mendelssohn. Mwenye rekodi nzuri ya Votivkirche aiweke hapa.